Maoni: Magari ya Bukavu yaliundwa kwa barabara za wengine, na anayelipa ni abiria

Mkaaji wa Bukavu anayetafuta gari huuliza mambo matatu: bei yake, kiasi cha mafuta linachokunywa, na kama vipuri vyake vinapatikana mjini. Swali la nne haliulizwi: gari hili liliundwa kwa barabara ya upande gani? Kwa sababu haliulizwi, mji mzima unaishi na magari ambayo milango, taa, redio na hata sauti zake viliwekwa kwa ajili ya watu wengine walio mbali.

Kongo inaendesha upande wa kuume, kama Wabelgiji walivyoacha. Japani inaendesha upande wa kushoto. Magari mengi ya bei nafuu yanayofika Kivu ya Kusini yametoka Japani, yamekwisha kutumika huko, yakashuka melini Dar es Salaam au Mombasa, kisha yakapanda kwa njia ya nchi kavu. Vitz, Ist, Noah, RAV4, Hiace: usukani wake uko upande wa kuume. Dereva anakaa karibu na mtaro wa maji, na yule anayekaa kushoto, katikati ya barabara, ni abiria.

Watu wamezoea. Na kwa kuwa wamezoea, makosa ya gari yanachukuliwa kama tabia ya gari, jambo la kuchekea. Yako yanayochekesha kweli, na yako yanayoua. Kosa la Bukavu ni kuyaweka yote katika kapu moja.

Yanayochekesha

Tuanze na mepesi. Dereva anawasha gari asubuhi, na sauti ya mwanamke inamsalimia kwa Kijapani. Mara nyingi sauti hiyo inasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haimo katika kifaa chake. Huko ni habari ya maana. Hapa Ibanda, mtu anaweza kukaa na gari miaka mitano akisikiliza kila asubuhi lawama ya kadi ambayo hataimiliki kamwe.

Skrini ya katikati nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake mna ramani ya Japani na maandishi ya Kijapani, na mara nyingi lugha haibadiliki. Mwenye gari anajifunza vitufe kwa kukariri: cha tatu kutoka juu ni cha muziki, cha tano kisiguswe. Fundi akiondoa betri kwa nusu saa, baadhi ya skrini zinadai namba ya siri, na tangu siku hiyo zinabaki nyeusi.

Redio inauma zaidi, kwa kuwa Bukavu ni mji wa redio. Watu wanafungua Radio Maendeleo, Radio Okapi au Radio Maria ili kujua barabara gani inapitika na bei gani imepanda. Lakini masafa ya FM ya Japani kwa miaka mingi yaliishia kwenye 90, wakati sehemu kubwa ya dunia, pamoja na Kongo, inafika 108. Kituo chochote kilicho juu kinakuwa kama hakipo. Ndiyo maana mafundi wanauza kifaa kidogo cha kushusha masafa, na ndiyo maana madereva wengi wanaishia kusikiliza muziki wa simu. Gari linamnyima mwenyewe habari za mji anaouendesha.

Halafu kuna ufunguo usioingia popote. Magari ya miaka ya karibuni yanawashwa kwa kitufe, mradi kidude cha ufunguo kiwe mfukoni. Betri ya kidude hicho ikiisha njiani kuelekea Walungu, mtu anasimama mbele ya gari lake kama mgeni. Wachache wanajua kwamba ndani ya kidude mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, na kwamba katika magari mengi ya Toyota, kukigusisha kidude hicho kwenye kitufe cha kuwashia kunatosha kuamsha injini hata betri yake ikiwa imekufa. Kitabu cha gari kinaeleza, lakini kimeandikwa kwa Kijapani.

Haya yote ni usumbufu. Yanapoteza muda na fedha, lakini hayampeleki mtu hospitali. Wenye magari wakiyalalamikia kwenye garaji, wana haki, na mazungumzo yanaweza kuishia hapo.

Yasiyochekesha

La kwanza ni mlango. Katika basi ndogo nyingi za zamani zilizoundwa kwa Japani, mlango wa kusukuma uko upande mmoja tu, upande wa kushoto. Huko Japani kushoto ndiko kwenye njia ya waendao kwa miguu. Mtoto anashuka, anakanyaga mahali salama, anakwenda zake. Bukavu, kushoto ni katikati ya barabara. Basi linasimama vizuri upande wa kuume, dereva amefanya yote yanayotakiwa, na bado mwanafunzi anashukia mahali ambapo motari wanapita kwa kasi ili kulipita basi lililosimama. Hapo hakuna dereva aliyekosea. Gari lenyewe ndilo linalomtupa mtoto barabarani.

La pili ni taa. Hili ni watu wachache wanaolijua, hata miongoni mwa madereva wa siku nyingi. Taa za mbele zikiwa chini hazimuliki sawasawa pande zote mbili. Zinatengenezwa makusudi ziinuke kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili kumwonyesha mtu anayetembea pembeni, na zibaki chini upande wa magari yanayokuja, ili zisiwapofushe. Kwa gari la Japani, ukingo uko kushoto. Likifika Kongo, mwanga ulioinuka unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja, na upande wa kuume, anakopita mtu wa miguu, mwanga unabaki chini.

Mtu wa miguu huyo ni nani Bukavu? Ni mama anayebeba mzigo mgongoni, kamba ikiwa imemkaza kipaji, akipanda kutoka ziwani au sokoni saa giza limekwisha kuingia. Ni mwanafunzi wa jioni. Mji una taa chache za barabarani, na umeme ukikatika hata hizo chache hazipo. Hapo taa ya gari ndiyo taa pekee ya barabara. Kuielekeza upande usiofaa ni kumfanya mama huyo asionekane, huku dereva wa mbele akifumba macho kwa mwanga. Waingereza wanaovuka bahari kwenda Ufaransa wanabandika kipande cha plastiki kwenye taa zao kwa safari ya siku chache tu, kwa sababu hiyo hiyo. Magari ya Bukavu yamehama kwa maisha yao yote yaliyobaki, na hakuna anayebandika kitu.

La tatu ni kupita gari lililo mbele. Dereva anayekaa kuume, nyuma ya lori lililopakia, haoni kinachokuja. Ili aone, lazima atoe nusu ya gari lake katikati ya barabara. Njiani kwenda Uvira au upande wa Kavumu, madereva wamepata dawa yao: wanamuuliza abiria wa mbele kama njia ni nyeupe. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani, ambaye labda anatazama simu yake, anakuwa jicho la gari zima. Akisema "pita", maisha ya watu wote yanategemea kipimo chake cha mwendo wa lori la mbele.

La nne ni mikanda na mifuko ya hewa. Teksi ya Bukavu inaweka abiria wawili kwenye kiti kimoja cha mbele. Mkanda ni mmoja. Gari linalia kwa kuwa halielewi, na dereva analinyamazisha kwa kufunga mkanda nyuma ya kiti, ukiwa haujamzunguka mtu yeyote. Mbele ya abiria hao wawili mna mfuko wa hewa ulioundwa kwa mtu mmoja aliyejifunga. Na baadhi ya mifuko hiyo ina historia mbaya: ile ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka wa 2017 baada ya mamilioni ya magari duniani kuitwa yarudi kutengenezwa, kwa sababu kifaa cha kuujaza kiliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu wa miaka mingi ndivyo vinavyoharibu kifaa hicho. Gari lililotoka Japani kabla ya kurekebishwa halipokei barua Kadutu. Hata hivyo namba ya chesi yake inaweza kuulizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji bila malipo, na kazi hiyo haimshindi mtu mwenye simu.

Na magari mapya?

Wako wanaosema dawa ni kununua jipya zaidi. Si kweli kila mara. Magari mapya yameleta usumbufu wa aina yake, na huko yanakotengenezwa watu wamekwisha kuchoka nao.

Chukua skrini ya kugusa. Viwanda vimeondoa vitufe vya kawaida na kuweka kila kitu kwenye kioo: hewa, mwanga, redio, wakati mwingine hata vifutio vya mvua. Mwaka wa 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jaribio. Dereva aliambiwa afanye kazi chache ndogo akiwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo V70 ya mwaka wa 2005, yenye vitufe, alimaliza kwa sekunde 10. Katika gari jipya lililoshika mkia, MG Marvel R, alihitaji karibu sekunde 45, na kwa muda huo gari lilikuwa limekwenda zaidi ya mita 1,300. Shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Euro NCAP, limeamua kwamba kuanzia mwaka wa 2026 gari lenye kutaka alama za juu kabisa liwe na vitufe au vijiti vya kweli kwa mambo ya lazima kama honi, vifutio na taa za kuashiria.

Jaribio hilo lilifanywa kwenye njia laini. Mtu ajaribu kugusa alama ndogo kwenye kioo huku gari likiruka shimo baada ya shimo. Kidole kinagonga kisipotaka. Kwa barabara za hapa, kitufe kinachozunguka, ambacho mkono unakijua bila jicho kutazama, ni usalama. Dereva mzee anayekataa skrini na kupenda gari la kale hajabaki nyuma ya dunia. Ulaya ndiyo inayorudi aliko yeye.

Jambo jingine ni gurudumu la akiba. Magari mengi mapya hayana. Mahali pake kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari. Haizibi ubavu wa tairi uliopasuliwa na jiwe. Kwenye kona za Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, tairi likipasuka jioni, chupa ya gundi ni kama kumpa mtu mwenye njaa picha ya ugali. Anayenunua gari bila kufungua nyuma na kuinua zulia kutazama kama gurudumu limo, amenunua pane ya kesho.

Marufuku peke yake haitoshi

Serikali ya Kinshasa imewahi kutangaza kwamba magari yenye usukani wa kuume yasiingie nchini, na kwamba magari makuukuu mno yakataliwe. Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi, ilizuia kuyaingiza tangu 2005. Wanaotetea marufuku wana hoja nzito, na yote yaliyotajwa hapo juu yanawapa nguvu.

Lakini marufuku inayotangazwa mbali na kutekelezwa kwa vipande vipande ina matokeo yake. Mwenye Vitz ndogo haibadilishi, kwa kuwa hana fedha za kuibadilisha. Anaendelea nayo, ila sasa ana sababu moja zaidi ya kusimamishwa njiani na kutoa kitu. Usalama haukuongezeka. Bei ya kupita ndiyo iliyoongezeka, na mwishowe inaingia katika nauli ya abiria.

Kuna pia hoja ya upande wa pili, na isidharauliwe. Madereva wa milimani wanasema usukani wa kuume unawasaidia kuona ukingo wa bonde, mahali ambapo barabara ni nyembamba na korongo liko upande wao. Ni kweli, kwa nusu ya safari. Wakati wa kurudi, korongo liko upande wa pili.

Wengine wanataja nchi zilizobadilisha upande. Samoa, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilihama kutoka kuume kwenda kushoto tarehe 7 Septemba 2009, na sababu kubwa ilikuwa kupata magari ya bei nafuu kutoka Japani, Australia na New Zealand. Kwa Kongo, wazo hilo ni la mazungumzo ya kinywaji. Nchi hii inapakana na nchi tisa. Uganda, Tanzania na Zambia zinaendesha kushoto, nyingine zote zinaendesha kuume. Barabara haitabadilika. Kinachoweza kubadilika ni gari.

Mambo manne yanayowezekana

La kwanza, mlango. Basi lolote linalobeba abiria kwa malipo mjini, na hasa linalobeba wanafunzi, lisiruhusiwe kufanya kazi kama mlango wake pekee unafungukia katikati ya barabara. Mafundi wa Bukavu wanaokata na kuunganisha chuma kila siku wanaweza kuhamisha mlango upande wa kuume. Ni gharama, lakini inalipwa mara moja. Na kabla haijalipwa, shule zinaweza kuanza kesho: basi liingie ndani ya uwanja wa shule, watoto washukie humo.

La pili, taa. Wakaguzi wanaotoa karatasi ya gari kila mwaka wanatazama kama taa inawaka. Watazame inamulika wapi. Ukuta na mstari wa chokaa vinatosha: gari linasimama mita chache mbele yake usiku, na mwanga unaonekana umeinuka upande gani. Taa za magari ya upande wa kuume zinauzwa. Ambaye hajapata fedha za kuzinunua anaweza angalau kushushiwa mwanga wa taa zake na fundi, ili asimpofushe mwenzake.

La tatu, abiria. Anayekaa kushoto mbele ana haki ya kukataa kuwa jicho la dereva. Kama anaulizwa, jibu lenye heshima kwa maisha ya wote ni "ngoja". Na chama cha madereva kinachodai heshima ya kazi yake kinaweza kukubaliana na wanachama wake kwamba kwenye kona na mlima hakuna kupita kwa kuuliza.

La nne, mnunuzi. Wale wanaoleta magari kutoka Dar es Salaam wanaleta kinachoulizwa. Mnunuzi akiuliza rangi na muziki tu, ataletewa rangi na muziki. Akiuliza gurudumu la akiba, taa, mlango, mikanda na namba ya chesi, muuzaji naye atajifunza kuyatazama bandarini kabla ya kulipa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalodai barabara mpya, mkopo wa nje au wataalamu wa kigeni. Linalodaiwa ni kutenganisha usumbufu na hatari. Sauti ya Kijapani iendelee kusalimia asubuhi, redio iishie 90, ramani ionyeshe Tokyo. Hayo Bukavu inayaweza. Lakini mlango unaomshusha mtoto mbele ya pikipiki, na taa inayomficha mama mwenye mzigo, hayo si ya kuzoea, na viongozi wa mji, wenye magari na wanaoyapanda wanayo majina ya kuyaita leo.